Pentium Tatu Mbili kwa Bei ya Nne Moja

Ninyi mnaonunua kompyuta kwa kusoma namba iliyobandikwa kwenye sanduku, nawaambia bila kuwapaka mafuta: mnanunua sanduku. Mimi sikusoma. Shule niliiacha darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini ordinateri, ndiyo kompyuta yenyewe, ikifa hapa Bujumbura, kuanzia bandarini mpaka Gasenyi, watu walisema, "Ipeleke kwa Issa wa Buyenzi." Na waliosoma ndio waliozibeba kichwani kuniletea. Nalisema hilo kwa majivuno na radhi siombi.

Leo nawapa habari ya prosesa mbili, yaani bongo za kompyuta, ambazo ninyi mnazikuta kwenye takataka tu: Pentium tatu na Pentium nne. Na habari ya siku niliyoapa mbele ya makuli wa bandari kwamba nikishindwa nafunga meza yangu ya kazi, narudi kulala chini ya magari.

Maana nilianzia chini ya magari. Vita ilipokolea, magari ya kwenda mikoani yakapungua, barabara zikawa za kuuliza kwanza nani amepita leo akafika. Fundi wa magari asiye na magari ni mtu mwenye nguo chafu tu. Nyumba ya tatu kutoka garaji yetu alikaa Papa Bulonza, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyetengeneza mashine za kupiga chapa tangu ujana wake. Ofisi zilipoanza kuzitupa mashine hizo, yeye hakulia. Alitafuta bisibisi ndogo zaidi akafungua kompyuta. Nikamfuata.

"We Issa," aliniambia siku ya kwanza, "hapa apana nguvu. Nguvu uache kule kwa garaji."

"Ndiyo, Papa."

"Kinywa chako kinasema ndiyo. Mikono yako inasema apana."

Mikono ilisema kweli. Pentium tatu za wakati ule zilikuwa wazi juu: kipande kinachong'aa, kidogo kama ukucha, hakina kifuniko, na juu yake unabana kile chuma chenye mapezi cha kupoza, sisi mafundi wa magari tukakiita rejeta. Nilikibana kama nakaza kichwa cha injini. Nikasikia *tik*, kama mtu ameuma jiwe kwenye wali. Kona ya prosesa imekwenda, na mashine ya mteja imekwenda nayo. Papa Bulonza hakunipigia kelele. Aliifunga ile prosesa kamba, akanivika shingoni, nikakaa nayo wiki nzima mbele ya wateja.

"Issa, hiyo ni hirizi?" mama mmoja akaniuliza.

"Apana, mama. Ni nguvu zangu."

Tangu wiki hiyo sijavunja nyingine. Ninyi mnaangalia video tatu kwenye simu mnajiita mafundi. Nani kawavika nini shingoni?

Papa Bulonza alijua Kifaransa cha kitabu. Akipata gazeti la kompyuta lililofungiwa vitu vya sokoni, alilikunjua, akalinyoosha kwa kiganja, akanisomea. Ndimo tulimojua siri ya namba. Watu wote mjini walikuwa wanatazama giga, namba ya mbio ya prosesa. Giga moja, giga moja na nusu, kama wanatazama urefu wa bwana harusi. Papa akanipeleka bandarini, akanionyesha makuli wanavyopakua mashua ya Kigoma.

"Tazama ule mustari wa watu kumi. Gunia inatoka kwa mukono inaingia kwa mukono. Hiyo njo Tatu. Sasa weka watu ishirini pale pale. Kila mumoja hatua yake ni fupi, mikono inaenda mbio mbio, ukiangalia unasema, ee, hawa wana nguvu. Hiyo njo Nne. Giga ni mbio ya mikono. Haikwambii gunia ngapi zimefika kwa lori."

"Lakini mbio ni mbio, Papa."

"Ngoja karani apige kelele: apana! Si sukari, nilisema chumvi! Ule mustari wa kumi unarudisha gunia kumi. Ule wa ishirini?"

Nikacheka mpaka makuli wakanitazama. Nimekutana na mainjinia watatu baadaye wenye shahada, wakanieleza jambo hilo hilo kwa saa nzima na sikuelewa kitu. Kazi ikiwa moja, imenyooka, kama kubadilisha kanda ya harusi iwe CD ya video, karani hapigi kelele, ule mstari wa ishirini unakula gunia vizuri sana. Kazi ikiwa ya kurukaruka, fungua hiki, funga kile, hesabu, rudi, chapa, basi mstari wa kumi unamtazama wa ishirini usoni bila aibu. Tatu ya giga moja nimeisimamisha mara nyingi na Nne ya kwanza kwanza, ya giga moja na nusu, kwa kazi za ofisi, na ukifumba macho huwezi kuniambia ipi ni ipi. Ukishika rejeta utajua. Nne ilikuwa ya moto, inakula umeme karibu mara mbili ya dada yake.

Sasa nije kwa Mama Zawadi.

Alikuwa mama wa Uvira, mpana, mcheshi, mkali akidanganywa. Alikuwa na chumba kimoja mkabala na lango la bandari, anapiga chapa karatasi za watu: barua, maombi, na zaidi ya yote mafaili ya forodha, maana mali haitoki bandarini bila faili. Alifanya kwa kompyuta moja ya kizamani ambayo ukifungua faili kubwa unaweza kwenda kununua ndizi ukarudi. Amekusanya akiba ya miaka miwili, ameifunga kwenye pembe ya kitenge. Inatosha kununua mara moja. Akikosea, chumba kinafungwa, na watoto wake wanne walikuwa wanakula kutoka chumba hicho.

Nikamwambia anunue Pentium tatu mbili, mtumba, zilizotoka ofisi za Ulaya zikapitia Kigoma. Kijana mmoja anayeitwa Chrispin, aliyerudi kutoka masomoni na muuzaji wa duka moja la mjini, akamwambia anunue Nne moja, mpya, iko ndani ya plastiki. Bei ilikuwa ile ile.

Chrispin aliileta mwenyewe pale chumbani, akaiwasha, akaweka video ya wanamuziki. Picha ikaenda kama maji. Makuli wakajaa mlangoni. Tatu yangu nikaipa video ile ile, ikakwama mara mbili, ikakohoa.

"Mzee," Chrispin akasema akinipigapiga bega, "hii yako ulitoa kwa musee, kule kwa vitu vya kale?"

Makuli wakacheka. Nikasema kwa sauti wote wasikie: "Kwa video, hii yake imeshinda. Kweli ni kweli. Mama Zawadi, we unauza sinema?"

"Mi nauza karatasi."

"Basi tuipandishe mlima."

Hapo wazee wa Buyenzi wangeelewa bila maelezo. Kwetu mtu hanunui pikapu ya mtumba kwa kuizungusha uwanjani. Anaipakia magunia yake mwenyewe, si ya muuzaji, anaipandisha mlima wa Kiriri, ikifika juu bila kulia anatoa fedha. Mzigo wako, mlima wako. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

Mlima ulikuwepo. Deklara mmoja, yaani mtu wa kupitishia wafanyabiashara mali zao forodhani, alikuwa na mafaili arobaini ya mashua iliyofika. Lango linafungwa saa kumi, malori yanatakiwa kutoka kabla, maana jioni inaingia saa ya kutotoka nje na hakuna dereva anayetaka kukutwa njiani. Alikuwa mtu mkavu.

"Ishirini hapa, ishirini kule," alisema. "Atakayemaliza kabla ya lango, kazi zangu zote anachukua yeye. Kesho na siku zote."

"Mi hapa ninaweka meza yangu rehani," nikasema. "Mama akishindwa na hizi Tatu, sichukui hata senti, na meza yangu Buyenzi naifunga. Narudi garaji."

"Fundi, usiape mbele ya makuli," Mama Zawadi akaninong'oneza. "Hawa hawasahau."

Nilikuwa nimeshaapa.

Kesho yake saa mbili tukaanza. Meza ya kulia, Nne ya Chrispin, na dada mmoja wa ofisini aliyemkodi, mpiga chapa wa vidole kumi, hatazami hata mikono. Meza ya kushoto, Tatu zangu mbili, Mama Zawadi kwenye moja, wifi yake Furaha kwenye nyingine, wote wanapiga kwa kidole kimoja cha kila mkono, kama kuku anadonoa mtama.

Chrispin akaona, akaruka. "Ee! Mbili kwa moja? Si haki!"

"Bei ni ngapi, kijana?"

"Bei ni moja, lakini..."

"Ukimaliza hiyo 'lakini' nipigie kelele. Mama hashindanishi idadi ya mashine, anashindanisha bei. Bei yako inampa kiti kimoja. Yangu inampa viti viwili."

Kuli mmoja mlangoni akasema, "Muzee amesema kweli. Gunia moja, bega mbili." Hoja ikapita.

Saa ya kwanza tulikuwa sawa. Yule dada alikuwa na vidole vya malaika, simnyimi haki yake. Lakini angalieni jambo ambalo watu hawaoni: Nne yake muda mwingi ilikuwa inamngojea yeye asome karatasi. Kompyuta ikishakuwa na mbio zaidi ya mikono yako, mbio inayobaki inapasha moto chumba tu.

Saa nne hivi, Tatu ya Furaha ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. Chrispin akaanza kupiga mluzi. Nikafungua pembeni, nikagusa rejeta: baridi kama maji ya mtungi. Mashine inayokufa kwa moto, halafu rejeta ni baridi! Ninyi mngetafuta virusi. Mimi nilijua papo hapo. Rejeta ile ina kibonde kilichochongwa upande mmoja chini yake. Ukiiweka kinyume inakaa juu ya ukingo wa tundu la prosesa, prosesa yenyewe inaigusa kwa ncha tu. Moto unabaki chini, unajikusanya polepole. Na nani aliifunga jana yake, kwa haraka, huku anajisifu kwa jirani? Mimi.

"Ni nini, Fundi?" Mama Zawadi akauliza bila kuacha kudonoa.

Ningeweza kusema kifaa kimechoka. Nani angejua? Nikasimama wima. "Kosa ni langu. Mashine ni nzima. Mi niliifunga rejeta kinyume."

Mlango wote ukapiga makelele. Chrispin akashika kichwa kwa furaha. "Garaji inakuita, mzee! Garaji inakuita!"

"Iite tu, mi niko na kazi," nikasema. Nikatoa rejeta, nikafuta, nikapaka dawa nyeupe ya joto nyembamba kama siagi ya mtu maskini, nikaigeuza, nikabana. Taratibu. Makuli wananitukana, lango lina saa yake, na mimi nabana taratibu. Ikawaka. Nikaweka kidole kwenye mapezi: moto unapanda. Sijawahi kufurahi kuungua hivyo. Lakini dakika ishirini na tano zilikuwa zimekwenda, na meza ya kulia ilikuwa mbele kwa mafaili mawili.

Saa sita, umeme ukakatika.

Hilo halikuwa jambo la kushangaza mtu. Wakati ule umeme ulikatika kama mtu anapepesa macho. Kila meza ilikuwa na ondilere yake, lile sanduku la betri linaloshika umeme ukienda, na zote mbili nilikuwa nimezifunga mimi kwenye betri moja moja ya lori, kuukuu lakini sawa. Ya Chrispin pia. Sikutaka mtu aseme nimeshinda kwa hila.

Sasa hesabu ya kichwa, vijana, ile ambayo darasa la tatu linatosha. Tatu mbili na skrini mbili zinakula kuliko Nne moja. Nikiziacha zote, mimi ndiye wa kwanza kuzimika. Lakini Tatu moja inakula kidogo kuliko Nne moja.

"Furaha, weka kwa disketi! Zima yako! Zima na skrini! Na printa zima!"

"Tutabaki na moja, Fundi?"

"Mutabaki na moja. We soma namba, Mama apige. Asitazame karatasi hata kidogo."

Furaha akashika faili, akasogea begani mwa wifi yake, akaanza kusoma kwa sauti ya kwaya: "Gunia za saruji, mia mbili... uzito..." Na Mama Zawadi akipiga. Nilichokiona hapo sikukitegemea. Alipoacha kutafuta kwenye karatasi, vile vidole viwili vya kuku vikawa vya mvua ya mawe. Walikuwa wameimba pamoja kanisani miaka yote, mmoja anatangulia, mwingine anaitikia. Mashine moja, watu wawili, wakawa wanakwenda karibu sawa na mashine mbili.

Meza ya kulia yule dada naye alikuwa anakwenda. Chrispin ananitazama, mi namtazama. Saa moja ikapita hivi. Halafu ondilere yake ikaanza kulia: pii, pii, pii.

"Weka kwa disketi!" Chrispin akapiga kelele.

"Niko katikati ya..."

Skrini ikawa nyeusi. Faili zima likaenda nayo. Yule dada akainua mikono yake juu, akamtazama Chrispin kwa jicho ambalo sikulitamani.

Sisi yetu ilikuwa kimya. Mama Zawadi hakugeuka hata kuangalia. "Soma, Furaha! Mbona umenyamaza? Soma!"

Umeme uliporudi, saa saba na nusu imepita, ondilere yetu nayo ilikuwa imeanza kulia kidogo kidogo, sitawadanganya. Tukawasha ya pili, printa ya sindano ikaanza kukereza karatasi, na chumba kikawa kama kinu cha mahindi. Saa tisa kasorobo Furaha alitoa karatasi ya mwisho ya faili la ishirini, akaiinua juu kama samaki mkubwa. Makuli walipiga kelele mpaka askari wa langoni akaja kutazama kuna nini.

Meza ya kulia yalibaki manne.

Deklara alikuwa amesimama anatazama saa yake, maana mali ya wateja wake ilikuwa kwenye mafaili yote arobaini, si ishirini. Mama Zawadi hakungoja aseme. Alinyanyuka, akavuka chumba, akachukua mafaili mawili kutoka mbele ya yule dada.

"Dada, we piga haya mawili. Haya mi nitafanya. Chrispin, apana simama kama mulingoti, musomee!"

Na Chrispin akasoma! Mtu wa shahada, anasoma uzito wa chumvi kwa sauti. Saa tisa na nusu yote arobaini yalikuwa yamefungwa kamba. Lori la mwisho lilipita lango huku bado kuna mwanga mwingi.

Deklara akaja mezani. Hakusema hongera, hakuwa mtu wa hongera. Akaweka mbele ya Mama Zawadi bunda lingine la karatasi. "Ya mashua inayokuja," akasema, akaondoka. Mama Zawadi akaifungua ile pembe ya kitenge mbele yetu wote, fundo lilikuwa limekazwa mpaka alitumia meno.

Nilimkuta Chrispin nje anaifunga Nne yake kwenye plastiki.

"Mzee, hii nitarudisha dukani niwaambie nini?"

"Usirudishe. Kuna mpiga kanda za harusi pale Ngagara, anangoja siku nzima mashine yake imalize CD moja. Mpelekee huyo. Mpe kanda yake mwenyewe aijaribu."

Akaipeleka. Mtu yule aliinunua kabla haijapoa, na alimshukuru Chrispin miaka mingi. Ile Nne ilikuwa nzuri. Ilikuwa imeletwa kwenye mlima usio wake. Mtu akikuuliza ipi ni bora, na hajakwambia ataifanyia nini, mwambie aende akafikiri kwanza.

Jioni ile nilirudi Buyenzi kwa miguu, katikati ya barabara, bisibisi zinanilia mfukoni kama njuga. Kwenye kizuizi askari akaninyooshea mkono.

"We muzee! Saa ya kutotoka nje imekaribia, na unatembea kama bwana harusi. Unaenda wapi?"

"Naenda kulala, afande," nikamwambia. "Kesho nafungua mapema."